Sura ya 4: Bodi Hii Inafanya Nini Ambacho Simu Yangu Haifanyi?

Karibu kila mtu anayeonyeshwa Raspberry Pi kwa mara ya kwanza huuliza swali hili. Anaigeuza mkononi, bodi ya kijani yenye ukubwa wa kadi ya benki, anaambiwa kuwa hiyo ni kompyuta kamili, kisha anasema: simu yangu ina kioo, kamera, betri na intaneti. Ya nini kununua kompyuta isiyo na hata kioo?

Ni swali la haki. Wala jibu lake si kwamba bodi hii ina nguvu zaidi, kwa sababu simu nyingi za leo zinaizidi kasi. Jibu liko kwenye ukingo mmoja wa bodi, mahali zilipopangwa safu mbili za pini, jumla yake 40. Kupitia pini hizo kompyuta inaweza kupima joto la banda la vifaranga, kuwasha taa mtu anapopita uani, au kujua kina cha maji kwenye tangi lililo juu ya paa. Simu hutengenezwa ikamilike kiwandani, nawe ukaitumia jinsi ilivyo. Bodi hii hutengenezwa ili wewe ndiye uikamilishe.

Sura hii inaonyesha namna ya kuikamilisha. Tutaanza na taa moja, tufike kwenye tangi la maji, kisha tuone mambo yanayowakwamisha wengi njiani.

Ilikotoka

Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton alikuwa akisimamia masomo ya kompyuta katika chuo cha St John's, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Yeye na wenzake waliona kwamba vijana wanaoomba kusomea kompyuta wanapungua, na wanaofika hawana mazoea ya kuandika programu kama waliowatangulia. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine.

Waliowatangulia walikua na BBC Micro, kompyuta ya kampuni ya Acorn ya huko huko Cambridge, iliyotoka mwaka 1981 kwa ajili ya mpango wa elimu wa BBC. Ukiiwasha, ilikuwa inasubiri uiandikie amri. Mtoto aliyetaka mchezo aliweza kuuandika mwenyewe, na kwa kuuandika akajifunza. Kompyuta zilizofuata zilikuja na michezo tayari, na mlango ule ukafungwa bila mtu kukusudia kuufunga.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani, ili mlango huo ufunguliwe tena kwa bei ambayo mzazi hataogopa kumwachia mtoto afanye majaribio. Tovuti za wauzaji zilielemewa siku hiyo hiyo. Novemba 2015 likaja toleo dogo zaidi, Zero, kwa dola 5, na likatolewa pia likiwa limebandikwa kwenye jalada la gazeti la mwezi la wapenzi wa bodi hiyo.

Kuna jambo moja zaidi la kujua kuhusu Acorn. Wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni prosesa mpya, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985, na muundo wake uliitwa ARM. Muundo huo, baada ya kuboreshwa kwa miaka mingi, ndio uliomo karibu katika kila simu ya mkononi leo, na ndio uliomo pia katika Raspberry Pi. Kwa hiyo simu na bodi zina asili moja. Tofauti ni nani anaruhusiwa kuzigusa kwa ndani.

Kuna nini juu ya bodi?

Chukua bodi ya kawaida, kwa mfano toleo la 4 lililotoka mwaka 2019. Utaona:

- Prosesa na kumbukumbu ya kazi, ambavyo huwezi kuvitoa.
- Tundu la umeme. Bodi inataka volti 5 na ampea 3.
- Matundu ya kioo, kibodi na kipanya. Televisheni ya kisasa inatosha kuwa kioo.
- Sehemu ya kadi ya kumbukumbu, ile ile ndogo inayotumika kwenye simu. Humo ndimo unamokaa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote. Mfumo huo unapatikana bure.
- Mawasiliano ya intaneti, kwa waya na bila waya.
- Zile pini 40.

Tahadhari moja ya mapema inahusu chaja. Wengi huchukua chaja ya zamani ya simu kwa sababu waya wake unaingia. Chaja dhaifu huifanya bodi ijizime au ijiwashe upya pasipo sababu inayoonekana, na mtu akailaumu programu yake siku nzima. Alama ndogo ya radi ikitokea kwenye pembe ya kioo, bodi inakwambia kwamba umeme inaoupata hautoshi. Badilisha chaja kabla hujagusa kitu kingine.

Pini 40 na kanuni moja

Kati ya pini hizo, mbili hutoa volti 5, mbili hutoa volti 3.3, na nane ni ardhi, yaani njia ambayo umeme hurudia. Zinabaki 28, ambazo ndizo mdomo na masikio ya bodi. Programu yako inaweza kuiamuru pini itoe umeme, au kuiuliza kama kuna umeme unaoingia.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Tangi likiinuliwa juu zaidi, maji hutoka bombani kwa nguvu zaidi. Volti zikiongezeka, umeme nao husukumwa kwa nguvu zaidi. Zile pini 28 zimeundwa kwa msukumo wa volti 3.3 tu. Hapo ndipo penye kanuni ambayo ningependa kila anayeanza aiandike ukutani juu ya meza yake:

*Usiingize zaidi ya volti 3.3 kwenye pini ya mawasiliano.*

Volti 5 zikiingia hapo, pini hufa, na mara nyingine bodi yote hufa nayo. Hakuna moshi wala kishindo cha kukuonya. Na kwa kuwa pini za volti 5 ziko kwenye safu hizo hizo, waya uliochomoka na kugusa pini ya jirani unatosha kuleta shoti. Ndiyo maana mafundi waangalifu huzima bodi kwanza, wakapanga waya, wakazikagua mara mbili, ndipo wakawasha.

Zoezi la kwanza: taa inayowaka na kuzimika

Unahitaji kitaa kidogo cha LED, waya mbili, na kikinza cha omu 330. Kikinza, ambacho mafundi wengi hukiita rezista, hupunguza umeme unaopita. Bila hicho, LED huvuta umeme mwingi kuliko inavyostahimili, na kuliko pini inavyopaswa kutoa. Vitu hivi vinapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki, wakiwemo wale wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Redio mbovu pia ina vikinza vingi vinavyoweza kutolewa.

Mguu mrefu wa LED unaungwa na kikinza, na kikinza kinaungwa na pini ya 11. Mguu mfupi unaungwa na pini ya 9, ambayo ni ardhi. Kisha unafungua programu ya kuandikia lugha ya Python na kuandika:

```
from gpiozero import LED
from time import sleep

taa = LED(17)
while True:
    taa.toggle()
    sleep(1)
```

Mistari miwili ya kwanza inaita zana zilizokwisha kuandikwa na wengine. Wa tatu unaipa jina pini yetu; namba 17 ndiyo namba ambayo prosesa inaitambulia pini ya 11, na mkanganyiko wa namba hizi mbili huwapotezea muda wengi wanaoanza. Mistari inayofuata inasema: rudia bila kikomo, geuza hali ya taa, subiri sekunde moja.

Taa itawaka na kuzimika. Ni jambo dogo kwa macho, lakini fikiria kilichotokea. Neno uliloandika limekuwa umeme kwenye waya unaoweza kuushika. Ukiondoa LED na kuweka kifaa kingine kinachofaa, maneno yale yale yataendesha kengele, feni ndogo au kitasa cha mlango.

> Kwa ufupi
> - Simu na bodi zina prosesa za asili moja. Bodi inazidi kwa pini zilizo wazi.
> - Pini za mawasiliano ni za volti 3.3, si zaidi.
> - LED haiungwi bila kikinza.
> - Zima kwanza, panga waya, kagua, ndipo uwashe.

Mradi wenye faida: kuna maji kiasi gani tangini?

Nyumba nyingi katika miji yetu huishi kwa tangi. Maji ya bomba huja kwa mgao, tangi linajazwa, na familia hutumia hadi yanapokatika katikati ya kuoga. Kupanda juu ya paa kuchungulia ni hatari, na kugonga tangi kwa mkono hakukupi namba. Bodi yetu inaweza kukupa namba.

*Kihisi kinavyopima*

Kihisi ni kifaa kinachogeuza hali fulani, kama joto, mwanga au umbali, kuwa umeme ambao kompyuta inaweza kuusoma. Hapa tunatumia kihisi cha mwangwi. Kinatoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi, kwa hiyo husikii kitu. Mlio unagonga uso wa maji na kurudi. Programu inapima muda uliopita.

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.004. Zidisha 343 kwa 0.004, upate mita 1.372. Huo ni mwendo wa kwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili: maji yako sentimita 69 hivi chini ya kihisi. Kama kihisi kimefungwa mita 1.6 juu ya sakafu ya tangi, kina cha maji ni sentimita 91.

Tangi la duara lenye upana wa mita 1 hubeba takribani lita 7.85 kwa kila sentimita moja ya kina. Sentimita 91 ni lita 700 na kidogo. Hiyo ndiyo namba itakayotokea kwenye simu yako ukiwa umekaa sebuleni, kwa sababu bodi inaweza kuituma kupitia mtandao wa nyumbani.

*Mambo manne ya kuzingatia*

1. Chagua kihisi kisichopenya maji, chenye kichwa kilichotenganishwa na sakiti yake kwa waya. Kile cha bei ya chini kabisa huharibiwa na unyevu wa ndani ya tangi. Kisichopenya maji hakioni kitu kilicho karibu sana, kwa hiyo kifunge sentimita 25 au zaidi juu ya kiwango cha tangi kujaa.
2. Vihisi vingi vya aina hii hurudisha jibu kwa volti 5. Kumbuka kanuni ya ukutani. Vikinza viwili, kimoja cha omu 1,000 na kingine cha omu 2,000, vikipangwa kwa mfuatano kutoka kwenye kihisi hadi ardhini, huzigawa volti hizo. Ukichukua umeme katikati yao unapata volti 3.3.
3. Soma mara kumi mfululizo, zipange namba kwa ukubwa, chukua ya katikati. Wimbi dogo au mdudu anaweza kuharibu usomaji mmoja, lakini si wote.
4. Pima pia joto la hewa. Kila nyuzi joto moja ikiongezeka, sauti huongeza kasi kwa mita 0.6 hivi kwa sekunde. Kihisi kidogo cha joto kinaiwezesha programu kurekebisha hesabu.

*Mstari wa usiku*

Namba moja inakuambia kama utaoga. Namba nyingi zilizowekwa pamoja zinakuambia jinsi nyumba yako inavyoishi. Iamuru bodi iandike kina cha maji kila baada ya dakika tano, kisha uchore mstari. Utaona mteremko wa asubuhi watu wanapojiandaa, mteremko wa siku ya kufua, na mpando wa ghafla siku maji ya bomba yanapofika.

Mwenye nyumba aangalie hasa saa za usiku. Kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, watu wamelala, mstari unapaswa kulala pia. Ukiteremka kila usiku, kuna mahali maji yanatoka. Sentimita mbili katika saa hizo sita ni lita 16 hivi. Uvujaji huo ukiendelea mchana na usiku, mwezi mmoja hufikia karibu lita 1,900, zaidi ya matangi mawili yenye maji kama lile la mfano wetu.

Hapa kipimo cha joto kinalipa gharama yake. Hewa ikipoa usiku, mwangwi huchelewa kidogo, na maji yataonekana yamepungua ilhali hayajapungua. Asiyejua hilo ataita fundi bomba bure. Hata baada ya kurekebisha joto, thibitisha kwa njia nyingine. Tia rangi ya chakula kwenye tangi dogo la choo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, vali ya choo ndiyo inayovujisha.

Napenda mradi huu kuliko yote ninayoijua kwa sababu ya hatua hii. Unamfundisha mtu kutilia shaka kipimo chake mwenyewe kabla ya kukitumia kumshutumu mwingine, na hilo ni funzo la sayansi lililokaa nyumbani kwake.

Umeme ukikatika

Vitabu vingi vya bodi hizi huandikwa mahali ambapo umeme haukatiki mara kwa mara. Kwetu sura ya namna hii haikamiliki bila kuzungumzia jambo hilo, kwa sababu umeme ukikatika huleta matatizo mawili.

La kwanza ni kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati bodi inaandika kwenye kadi, maandishi yanaweza kuharibika kiasi kwamba bodi isiwake tena. Utafanya hivi:

- Zima bodi kupitia menyu, si kwa kuchomoa waya.
- Weka pawabenki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa umeme. Si kila pawabenki inaweza, kwa hiyo ijaribu kwanza.
- Nakili kadi nzima mradi ukishakamilika. Kadi ya akiba iliyo tayari inarudisha kazi kwa dakika chache.

La pili ni saa. Simu hukumbuka saa hata ikizimwa. Raspberry Pi nyingi haziwezi, kwa sababu hazina betri ya saa. Huuliza saa kwenye intaneti kila zinapowaka. Umeme ukirudi na intaneti isirudi, bodi itaendelea kuandika vipimo kwa saa isiyo sahihi, na mstari wako wa usiku utachanganyika na wa mchana. Dawa yake ni kipande kidogo cha saa chenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi, kinachoungwa kwenye pini chache. Ni nyongeza ya gharama ndogo inayookoa kazi ya miezi.

Je, bodi iwashe na pampu?

Ukishajua kiasi cha maji, wazo linalofuata huja lenyewe: tangi likipungua, bodi iwashe pampu. Inawezekana kwa kutumia rilei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme mdogo ili kuruhusu umeme mkubwa.

Lakini pampu hutumia umeme wa ukutani, volti 230 au 240, unaoua. Tena upo karibu na maji. Sehemu hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni, na umwombe abakize swichi ya mkono ili nyumba isikose maji siku bodi itakapogoma. Na kama unachotaka ni tangi lisifurike tu, boya la kawaida linafanya kazi hiyo miaka mingi bila kompyuta yoyote. Bodi ina faida pale unapotaka kujua, kukumbuka na kulinganisha.

Ni lazima iwe Raspberry Pi?

Hapana. Kuna bodi ndogo zaidi ambazo si kompyuta kamili. Huitwa vidhibiti, kwa sababu kila kimoja hubeba programu moja na kuirudia tangu kinapopata umeme. Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ni ya jamii hiyo. Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4, nayo ni ya jamii hiyo licha ya jina lake.

- Ukitaka kupima kitu kimoja na kuwasha kingine, kidhibiti kinatosha. Hutumia umeme kidogo, na hakiandiki kwenye kadi inayoweza kuharibika.
- Ukitaka kuhifadhi vipimo vya mwaka mzima, kuchora michoro, kutumia kamera au kuhudumia simu kadhaa kwa pamoja, chukua kompyuta kamili.

Mfano mzuri wa kundi la pili ni maktaba isiyohitaji intaneti. Programu ya bure iitwayo Kiwix hukuwezesha kuweka Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye kadi ya kumbukumbu. Bodi inageuzwa kuwa kituo cha mawasiliano bila waya, na wanafunzi walio darasani wanasoma kwa simu au tableti bila kununua bando. Mradi huo hauhitaji pini hata moja, na kwa shule iliyo mbali na mtandao una thamani kuliko taa zote za mapambo.

Kabla hujanunua

Bodi nyingi zinazoishia kabatini zilinunuliwa kabla mwenyewe hajajua anataka nini. Anza na haja, kisha utafute kifaa. Chukua daftari ujibu:

1. Ni swali gani la nyumbani, shambani au kazini kwangu ambalo sasa nalijibu kwa kubahatisha?
2. Ni kipimo gani kingelijibu: joto, umbali, mwanga, unyevu, muda?
3. Ninaweza kukipima kwa mkono kwa wiki moja kwanza? Vipimo vya mkono ndivyo vitakavyokuambia baadaye kama bodi inasema kweli.
4. Umeme utatoka wapi, na ukikatika itakuwaje?
5. Nani mwingine ataelewa mradi huu nisipokuwepo?

Usiliruke swali la tano. Andika kwa Kiswahili pini uliyotumia, rangi ya kila waya, na sababu ya kila uamuzi. Daftari hilo litamwezesha mdogo wako, mwanafunzi wako au jirani kuanzia pale ulipoishia, badala ya kuanza upya na taa moja.

> Muhtasari wa sura
> - Bodi haishindani na simu. Inafanya kile ambacho simu imefungwa isifanye: kugusa na kupima vitu.
> - Taa moja inafundisha misingi yote: pini, volti, kikinza na programu.
> - Kipimo kimoja ni taarifa. Vipimo vingi vilivyoandikwa saa sahihi ni ushahidi.
> - Tilia shaka kihisi chako, na uthibitishe kwa njia ya pili.
> - Jiandae kwa umeme kukatika tangu siku ya kwanza.
> - Umeme wa ukutani ni kazi ya fundi.
>
> Zoezi: Kwa siku saba, pima kina cha maji tangini kwa fimbo iliyowekwa alama, ukiwa mahali salama, asubuhi na usiku. Ziandike namba zote. Sura ijayo tutazitumia kuandika programu yetu ya kwanza ya kuchora mstari.